Tuliofundishwa kwamba arkea huogelea kwa flajela, tukutane hapa

FundiMaabara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni fundi wa maabara kwenye sekondari moja hapa Tanga. Wiki iliyopita binti wa kidato cha sita alinijia na karatasi ya jaribio, kanuna. Swali lilimtaka ataje kinachowawezesha arkea, vile vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa macho, kuogelea. Yeye kaandika "arkaela", yaani mkia wa arkea. Mwalimu kamkata kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "flajela", jina la mkia wa bakteria. Alama mbili zimekwenda na maji. Sitaji shule wala mwalimu, maana miaka michache nyuma hata mimi ningemkosesha.

Jumamosi nikaenda Tongoni kwa baba mkubwa, mwenye majaruba ya chumvi. Wanaoijua kazi ile wanaelewa: maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, yanalazwa jaruba la kwanza, yanahamishiwa la pili, la tatu, na kila hatua jua linayala na chumvi inazidi kukolea. Jaruba la mwisho, kabla chumvi haijashika, maji hubadilika rangi. Yanaanza na weupe wa waridi, yakikaa yanakuwa mekundu kama mtu kamwaga rozela. Utotoni tuliambiwa ni kutu ya majembe. Kutu gani inayokuja na kuondoka na misimu! Ile ni rangi ya viumbe hai, mamilioni kwa mamilioni, na wengi wao ni arkea wapenda chumvi, ukoo wa Halobacterium. Jina linadanganya, kwa sababu lilitolewa kabla Carl Woese na George Fox hawajaonyesha mwaka 1977 kwamba arkea si bakteria bali ukoo wake peke yake.

Nikaomba chupa ya asali iliyokwisha, nikachota nusu, nikarudi mjini. Tone moja, lenzi ya mafuta, ukuzaji mara 1000. Nikasubiri macho yazoee. Vijiti vyembamba, vinakwenda. Polepole mno, unaweza kunywa chai kimoja kikivuka uwanja wa lenzi. Kilichonishika ni namna vinavyogeuza njia: kijiti kinakwenda mbele, kinasita, halafu kinarudi kinyumenyume bila kupindua mwili, kama basi linalotoka stendi kwa rivasi. E. coli, bakteria wa utumboni, hafanyi hivyo. Yeye akitaka njia nyingine hubiringika kwanza, ndipo anashika mwelekeo mpya, popote utakapoangukia.

Mkia wenyewe sikuuona na wala nisingeuona. Unene wake ni nanomita 10 hivi. Ukiilaza mikia kandokando, unywele mmoja wa kichwa utabeba kama 7,000. Ila umbo lake limeshachorwa atomu kwa atomu na wenye hadubini za elektroni, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kwa nje mkia wa arkea na wa bakteria wote ni parafujo ndefu inayozunguka na kusukuma seli. Ukiufungua ndani, hakuna hata tofali moja linalofanana.

Flajela ya bakteria ni bomba. Katikati ina tundu la nanomita 2 hivi. Protini inatengenezwa ndani ya seli, inakunjuliwa, inasukumwa ndani ya lile tundu mpaka nchani, na huko nje ndiko inakojikunja na kujipachika. Ni kama nyumba ambayo fundi wake yuko juu kabisa, anapandishiwa tofali kupitia dohani.

Arkaela haina tundu. Katikati imejaa tele. Tofali jipya linapachikwa chini, shinani, na kuyasukuma ya zamani juu. Unywele unavyoota.

Injini nazo mbali. Ya bakteria inazungushwa na protoni (wengine sodiamu) zinazotiririka kuingia ndani ya seli, kama maji ya Pangani yanavyozungusha mitambo pale Hale. Ya arkea inachoma ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, moja kwa moja, jenereta na dizeli yake.

Sasa niambieni, yule binti kakosa nini?

---

Barabara_ya_Nane

Naweka kambi hapa na kahawa yangu. Yakhe, mimi miaka yote nikivua pale karibu na majaruba najua yale maji yametiwa dawa.

---

Mpinzani_Halali

Mleta uzi umeandika vizuri ila umejichanganya mwenyewe. Bawa la popo ni ngozi iliyovutwa kwenye vidole. La njiwa ni manyoya. La kumbikumbi halina hata mfupa. Yote tunaita bawa, na hakuna mtu analia. Flajela ni jina la KAZI. Kinachozunguka na kumsukuma mdudu majini ni flajela, basi. Mwalimu yuko sawa, mtoto kajifanya mjuaji.

---

FundiMaabara

Mkuu Mpinzani, hoja yako ina miguu, na wenye fani waliipigania hivyohivyo. Jina arkaela lililetwa na Ken Jarrell na Sonja-Verena Albers mwaka 2012. Mwaka huohuo Reinhard Wirth, Mjerumani aliyetumia miaka mingi na arkea wa maji ya moto, akajibu kwa maandishi kulikataa. Na hata 2022 kuna watafiti wakubwa waliochapa makala wakiendelea kuandika "nyuzi za flajela za arkea". Kwa hiyo mtu akiandika flajela simkatii alama.

Ila na aliyeandika arkaela asikatwe! Hapo ndipo ninapogombana. Ukiulizwa popo ana nini ukajibu "bawa la ngozi", mwalimu akukate aandike "bawa"?

---

MamaBaiolojia

Fundi, hongera kwa uzi. Mimi nafundisha somo hili (si mimi niliyemkata binti, msinianze), kwa hiyo niruhusu nikubane sehemu tatu.

Mosi, unajuaje ulichokiona ni arkea? Maji mekundu ya chumvi yana wapangaji mchanganyiko. Yumo mwani anayeitwa Dunaliella salina, naye akikolea ni mwekundu. Yumo bakteria halisi, Salinibacter ruber, aliyetambuliwa kwenye mabwawa ya chumvi ya Uhispania na kutangazwa 2002, mwekundu vilevile na anaishi humohumo.

Pili, umesema "tofali" kama vile kila mkia una protini ya aina moja. Sivyo. Halobacterium salinarum peke yake ana jeni tano za protini za mkia. Na kuna arkea anaitwa Methanocaldococcus villosus, mkia wake ulipochorwa 2022 kwa ukali wa angstromu 3.08 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita) ulikutwa umejengwa kwa protini mbili zinazopishana: hii, ile, hii, ile, mpaka mwisho.

Tatu, hujasema mkia wa arkea umetoka wapi. Hapo ndipo utamu ulipo, halafu umepita kama daladala lililojaa.

---

Kijana_wa_Chumbageni

Mama kamshika fundi pabaya 😂

---

FundiMaabara

Mwalimu, nakubali la pili bila ubishi. Nilikariri mkia wa kwanza kuchorwa nikadhani wote ni hivyo.

La kwanza, nilifanya kajaribio. Nilitia tone la maji ya bomba pembeni ya kioo, likapenya chini ya kifuniko. Pale maji ya chumvi yalipokutana na ya bomba vijiti vilianza kuvimba, vikawa viduara, vikapotea. Vimepasuka. Halafu zilikuwepo seli kubwa za mviringo, za rangi ya chungwa iliyoiva, hizo zilitikisika kidogo zikaendelea na safari. Hao nadhani ndio Dunaliella wako, wanavumilia kupanda na kushuka kwa chumvi.

---

MamaBaiolojia

Kubwa za mviringo sawa, Dunaliella. Lakini kupasuka kwa vijiti kunathibitisha tu kwamba ni wapenda chumvi. Salinibacter naye ukimtia maji ya bomba hapati nafuu. Kwa macho hutawatenganisha, itabidi usome DNA.

Ila ngoja nikupe zawadi badala ya kukubana tu. Dunaliella naye ana mikia, miwili, mbele. Na mkia wake si wa bakteria wala wa arkea, ni wa ukoo wetu sisi na mbegu za kiume za binadamu: mirija tisa miwilimiwili pembeni, miwili katikati, yote ndani ya utando wa seli. Hauzunguki. Unapiga, kama mtu anayeogelea.

Kwa hiyo ndani ya chupa yako ya asali unaweza kuwa na namna tatu za mkia, zilizobuniwa mara tatu mbalimbali, zinaogelea pamoja kwenye maji ya Tongoni.

---

Barabara_ya_Nane

Hapa nimesimama kidogo. Namna tatu kwenye tone moja?

---

FundiMaabara

Mwalimu, hiyo sikuifikiria. Leo silali.

La tatu sasa, asili ya mkia wa arkea. Bakteria wengi wana vinyweleo vinavyoitwa pilasi aina ya nne. Havizunguki. Vinarushwa nje, vinajishika kwenye ukuta au seli nyingine, halafu vinavutwa ndani na bakteria anaburuzika. Ni kama mvuvi anayerusha nanga mbele kisha anavuta kamba ili mtumbwi usogee. Protini ya arkaela ni ndugu wa protini ya kinyweleo hicho. Zote mbili huzaliwa na kipande cha ziada kichwani, na kimeng'enya cha ukoo mmoja ndicho hukikata kabla ya protini kupachikwa. Zote zina kipande kirefu kilichojizungusha kama hesi, kisichopenda maji, kinachozama katikati ya mkia au kinyweleo na kukumbatiana na wenzake kama mzigo wa fito. Kwa hiyo arkea walichukua kamba ya nanga wakaizungusha, ikawa parafujo. Bakteria flajela yao ina asili nyingine kabisa, inafanana na sindano ambazo baadhi ya bakteria wa magonjwa hutumia kuchoma seli.

Halafu angalieni kituko. Mfumo wa kuelekeza mkia, ule unaonusa chakula au mwanga na kuamua "geuza", arkea waliupata kwa bakteria. Protini ileile ya CheY inayoamrisha injini ya E. coli imo kwa Halobacterium, ila injini ni tofauti kiasi kwamba CheY haiwezi kuishika, ikabidi pawe na protini ya kuunganisha. Mafundi wa gereji wa Ngamiani wananielewa: gari la kampuni hii, usukani wa kampuni ile, katikati adapta.

---

KambaKatani

Nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi si msomi, nimekaa kiwanda cha kamba za mkonge miaka kumi na moja. Nina swali la kikamba.

Kamba tunasokota nyuzi upande mmoja, halafu nyuzi tatu pamoja tunazisokota upande wa pili, zinakabana hazifumuki. Sawa. Sasa kamba ukiipinda, nyuzi za ndani ya pindo zinakunjamana, za nje zinavutika. Ukiiachia inanyooka, kwa sababu nyuzi zote ni sawa na hakuna inayotaka kubaki imekunjamana. Mnasema mkia huu umepinda kama parafujo na unabaki hivyo huku ukizungushwa. Tena umejengwa kwa matofali ya namna moja. Nani anaishikilia ile pindo? Kwetu kamba ya hivyo lazima uitie waya.

---

FundiMaabara

KambaKatani, kaka, swali lako liliwasumbua wenye maabara kubwa miaka mingi, na jibu la upande wa arkea limeonekana wazi 2022 tu.

Kwanza kwa nini lazima upinde: mkia ulionyooka ukiuzungusha haukusukumi popote, ni kama kuzungusha mpini wa jembe majini. Lazima uwe na hesi.

Sasa jibu. Uangalie mkia kama kamba ya nyuzi zilizolala kwa urefu. Flajela ya bakteria ina nyuzi 11, arkaela ina 10. Walichokiona ni kwamba tofali ni moja lakini lina pozi nyingi. Kwenye arkaela iliyochunguzwa, kila uzi kati ya zile 10 umekaa pozi lake: wa nje ya pindo umejivuta, wa ndani umejibana, na wa katikati kila mmoja na kiasi chake. Protini ileile, maumbo 10. Na mahali pamoja, ndani kabisa ya pindo, nyuzi mbili za jirani haziungani kama wengine, pana mshono. Kama mshono wa kanzu ubavuni.

Bakteria nao nyuzi zao 11 zina maumbo 11. Hawa na wale hawana undugu wa mkia, matofali hayafanani, idadi ya nyuzi haifanani, lakini wote wamefika kwenye ujanja uleule. Waya wako wa kushikilia pindo haupo, kila uzi unashikilia zamu yake.

---

KambaKatani

Nimeelewa. Na huo mshono uko upande wa ndani, ambako nyuzi zinabanwa. Ungekuwa nje ungefumuka.

---

MamaBaiolojia

Kaka KambaKatani usijiite si msomi tena humu.

---

Hesabu_Tu

Kwa nini 10 na si 9 au 12? Kuna sababu au imetokea tu?

---

FundiMaabara

Chukua kalamu. Matofali ya arkaela hayapangwi kwa duara, yanapanda kama ngazi ya mnara wa msikiti. Kila tofali linageuka digrii 108 hivi kutoka lililo chini yake na kupanda angstromu 5.3 hivi. Zidisha 108 kwa 10, unapata ngapi?

---

Hesabu_Tu

1080. Gawa kwa 360 ni 3 kamili. Ahaa. Baada ya matofali 10 umezunguka mara tatu ukarudi juu ya lile la kwanza! Ndiyo maana ukitazama kutoka pembeni unaona nyuzi 10 zimesimama.

---

FundiMaabara

Umeipata. Kwa bakteria geuza digrii 65.5 hivi kwa kila tofali. Mara 11 ni kama 720, mizunguko miwili. Nyuzi 11. Na kwa kuwa arkaela inapanda angstromu 5.3 tu kwa tofali, mkia wa maikromita 5 unataka matofali zaidi ya 9,000, yote yamepita mlango mmoja shinani.

---

Kijana_wa_Chumbageni

Fundi hizo digrii 108 ni za nani sasa? Wa Tongoni au wa wapi?

---

MamaBaiolojia

Niachieni hili, maana ndilo nililolisomea.

Arkaela ya kwanza kuonekana kwa ukali wa kutosha kuweka atomu zake ilikuwa ya Methanospirillum hungatei, 2016, angstromu 3.4. Huyu ni mtengeneza methani, alipatikana kwenye tope la maji taka. Mwaka uliofuata ikaja ya Pyrococcus furiosus, anayestawi kwenye digrii 100, alitolewa kisiwa cha Vulcano kule Italia. Halafu 2022 yule Methanocaldococcus villosus wa chemchemi za moto chini ya bahari kaskazini ya Iceland, na mwaka huohuo Saccharolobus islandicus wa maji ya moto yenye asidi, ndiye wa zile nyuzi 10 na mshono alizozieleza Fundi.

Ukiwapanga pamoja, unaona kiini hakibadiliki. Fito za katikati ni zilezile, mgeuko ni uleule karibu digrii 108, awe wa maji taka au wa maji yanayochemka. Kinachobadilika ni nje. Kila protini ina kichwa cha nje kilichokunjwa kwa tabaka za utepe, kinachofanana mkunjo na vipande vya kingamwili zetu, na juu yake pamebandikwa sukari. Mmoja sukari nyingi, mwingine kidogo, mwingine za namna yake. Kwa arkea kadhaa ukizima jeni za kubandika sukari hizo, mkia haujengeki au mwenyewe haogelei. Kwa hiyo wamerithi mwili mmoja, ila kila mtu kavaa kulingana na hali ya hewa ya kwao.

Wapenda chumvi nguo yao ni chaji hasi. Protini zao zimejaa asidi za amino zenye chaji hiyo kwa nje, zinang'ang'ania maji yasinyang'anywe na chumvi. Ukiondoa chumvi ghafla, chaji zinasukumana na protini inalegea. Ndicho alichokiona Fundi vijiti vilipovimba.

Nyongeza ya pembeni tu, haina uhusiano na kuogelea: mkia wa yule wa maji taka ulipimwa 2019 ukakutwa unapitisha umeme. Nani aliutuma sijui.

---

Barabara_ya_Nane

Mkia unapitisha umeme, na huku kwetu leo umeme umekatika tangu saa saba.

---

Mpinzani_Halali

Sawa, nimefuatilia. Bado nasema bawa ni bawa. Ila swali: hao wa Tongoni mnasema wanakwenda polepole. Sasa mkia wa nini kama hufiki?

---

FundiMaabara

Halobacterium anakwenda kama maikromita 2 au 3 kwa sekunde, hata urefu wa mwili wake hamalizi. Lakini safari yake ni fupi. Ana vipokea mwanga, anafuata mwanga wa rangi ya chungwa unaompa nguvu na kukimbia wa buluu na urujuani unaomuunguza. Akizungusha mkia kisaa anakwenda mbele, akigeuza anarudi nyuma. Ndiyo ile rivasi niliyoiona. Kwenye jaruba la kina cha kiganja hahitaji zaidi.

Ukitaka mbio mtafute villosus wa Mwalimu. Ana mikia zaidi ya 50 na alipimwa akienda karibu urefu wa mwili wake mara 500 kwa sekunde. Mtu wa mita 1.7 akiogelea hivyo atatoka Raskazone na kufika Pangani kwa kama dakika moja.

---

Kijana_wa_Chumbageni

Nauli ngapi 😂😂

---

Mpinzani_Halali

Na hayo maumbo mnayapata vipi wakati umesema hadubini haioni? Msituletee michoro ya kompyuta.

---

FundiMaabara

Swali halali. Unachukua mikia, unaiweka kwenye kiwavu kidogo cha shaba, unaichovya ghafla kwenye ethani ya kimiminika. Maji yanaganda haraka mno hata hayapati nafasi ya kujipanga kuwa barafu, yanakuwa kama kioo, na mkia umenaswa humo ulivyokuwa. Kisha miale ya elektroni, picha maelfu, kila moja chafu kama picha ya simu usiku. Kompyuta inazipanga na kuzilinganisha mpaka umbo linajitokeza. Tuzo ya Nobeli ya kemia ya 2017 ilikwenda kwa mbinu hiyo: Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson.

Na Henderson alianzia wapi? Mwaka 1975 yeye na Nigel Unwin walitumia hadubini ya elektroni kuchora protini ya zambarau inayonasa mwanga, iliyotolewa kwenye utando wa Halobacterium. Huyuhuyu wa majaruba.

---

Mzee_wa_Majaruba

Asalaam aleikum. Kijana wangu kanionyesha haya kwenye simu, nimesomewa yote. Nina chumvi tangu enzi za baba yangu. Nataka kujua mambo mawili. Hao wadudu wanaharibu chumvi yangu? Na zile alama za waridi kwenye papa mkavu ni wao?

---

FundiMaabara

Waaleikum salaam baba mkubwa, shikamoo. Sikujua upo humu.

La papa, ndiyo, ni wao au jamaa zao. Wamo hai ndani ya punje za chumvi, kwenye vijitone vya maji vilivyonaswa humo. Chumvi ya bahari ikipakwa kwenye ng'onda na pakawa na joto na unyevu, wanaamka na kula. Wenye viwanda vya samaki na ngozi walihangaika nao kabla hata ya kujulikana ni nani. Papa wako mweke pakavu na penye ubaridi, wanalala.

La chumvi, kinyume chake. Rangi ile nyekundu inanyonya jua, maji yanapata joto zaidi na kukauka haraka kuliko maji meupe. Wanakusaidia kazi.

---

Mzee_wa_Majaruba

Marahaba. Kumbe nina vibarua siwalipi. Sisi tulikuwa tukiona jaruba limeiva wekundu tunajua siku tatu nne tunakwangua. Wazee walisema "maji yameiva". Sababu hatukuijua.

---

KambaKatani

"Maji yameiva." Mzee kamaliza.

---

Kijana_wa_Chumbageni

Fundi, na kule Amboni kwenye maji ya moto ya kiberiti twende lini na chupa?

---

MamaBaiolojia

Mwacheni kwanza amalize za Tongoni. Fundi, binti kaishia wapi?

---

FundiMaabara

Nilimwandikia maelezo ukurasa mmoja: bomba na fito, nchani na shinani, protoni na ATP. Kampelekea mwalimu mwenyewe. Mwalimu kasoma, kacheka, kamrudishia alama moja. Ya pili kasema atampa akiweza kumweleza bila karatasi kwa nini ni nyuzi 10. Usiku huu yuko na 108 zake.

---

Mzee_wa_Majaruba

Mwambie azidishe taratibu. Na wewe, ile chupa ya asali bibi yako anaiulizia. Usiirudishe na wadudu.